Nguva wa Kwenye Flashi

Mama yangu yuko kwangu wiki ya tatu sasa. Alikuja Dar kutolewa mtoto wa jicho. Alivuka kutoka Kilindoni, Mafia, mpaka Nyamisati, akapanda gari mpaka Rangi Tatu, na nilipomkuta pale stendi amekalia ndoo yake ya ng'onda nikampa shikamoo. "Marahaba. Umekonda," akaniambia. Nikamuuliza ameonaje kama nimekonda, na macho yenyewe ndiyo yaliyomleta. "Nimekusikia sauti."

Jicho la kulia limeshatengenezwa. Bandeji ilitolewa kesho yake, akapewa miwani nyeusi, kikombe cha plastiki cha kufunika jicho usiku, na dawa ya kutonesha mara nne kwa siku. Akaambiwa asiiname, asibebe kitu kizito, asikae kwenye moshi. Yaani mwanamke ambaye tangu nipate akili sijamwona amekaa mchana bila kusuka ukili au kuchambua mchele, leo amewekwa kwenye sofa kama mwali. Siku ya nne akanitangazia kwamba dari langu lina mbao 17 na moja imeoza. Nikapanda kwenye stuli kuangalia. Imeoza kweli.

Ndipo binti yangu, yuko darasa la sita, akasema, "Bibi, Jumamosi tunakuwekea muvi ya nguva."

Mama akakaa vizuri. "Nguva? Wamempata wapi wakampiga picha?"

Hapo pana jambo la kueleza. Kwa binti yangu nguva ni msichana mzuri mwenye mkia wa samaki. Kwa mama yangu nguva ni nguva. Kaka yake mkubwa alikuwa na jarife, zile nyavu za papa, akilitega kwenye mkondo kati ya Mafia na delta ya Rufiji, na mara mojamoja jarife lilipandishwa na nguva ndani yake, ameshakufa, kwa sababu yule anavuta hewa kama sisi na akinaswa chini anazama. Mnyama wa rangi ya tope, anaweza kufika mita 3 na kilo 400, kazi yake kuchunga majani ya baharini kama ng'ombe, ana matiti kwapani na anazaa mtoto mmoja tu kwa wakati, tena baada ya miaka. Wataalamu nao hawakusaidia: ukoo wake wakauita Sirenia, wakiwakumbuka wale viumbe wa Kigiriki waliokuwa wakiimba mpaka mabaharia wakajibamiza miambani. Siku hizi kwenye pwani yetu wamebaki wachache mno, na kumvua ni kosa. Lakini mama yangu ameshamla, enzi hizo, na anakwambia nyama yake haina shombo.

Kuna pia kisa cha wavuvi, nguva, na kiapo walichotakiwa kula wakirudi pwani. Mama alikianza mbele ya watoto. Nikakohoa, akakiacha.

Basi Jumamosi baada ya isha tukakaa: mama kwenye sofa na miwani yake, binti sakafuni karibu na magoti ya bibi yake, kitinda mimba wangu wa miaka 6 mapajani pa baba yake, mimi kwenye kiti cha plastiki mlangoni ili niusikilize wali jikoni. Muvi yenyewe ni ile The Little Mermaid ya mwaka 2023, ya watu, siyo ile katuni ya 1989. Ilipotoka kwenye majumba ya sinema nilipiga hesabu ya tiketi nne, bisi, na nauli ya kwenda na kurudi, nikawaambia watoto watulie, itakuja yenyewe. Imekuja. Imekuja kwenye flashi ya shemeji yangu, na zaidi ya hapo msiniulize.

Tatizo lilikuwa lugha. Muvi ni ya Kiingereza, haina maandishi ya Kiswahili chini, na mama Kiingereza chake kinaishia "gudi moningi". Binti akajitolea kutafsiri. Kiingereza chake amekiokota kwenye katuni kwa jirani, kinamtosha na kinabaki. Akachukua rimoti akaishika kama maiki.

Wa umri wangu mtanielewa. Nilipoletwa Dar kusoma, nikakaa Mbagala kwa mama mdogo, kulikuwa na kibanda umiza, kile kibanda cha kuonyeshea video, nyuma ya mashine ya kusaga. Benchi za mbao, joto la kuivisha mkate, na sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, ikiwaingiza Wachina Kiswahili cha mtaani. Pale hakuna aliyedai tafsiri sahihi. Tulidai raha. Sasa namwangalia binti yangu na rimoti yake najiambia, haya, damu hiyo.

Muvi ikaanza, ikazama chini ya bahari, na chini ya bahari kukawa giza. Giza hasa. Wengi wameilalamikia muvi hii kwa jambo hilo na wana haki. Lakini kwetu lilikuwa na uzito wake, maana mama alinyamaza muda, akavua miwani, akavaa, akavua tena. Kisha akaniita kwa sauti ya chini, jina langu la utotoni. "Hili giza ni la tivii au ni la jicho langu?"

"La tivii, mama."

"Una hakika?"

Ikabidi baba watoto asimamishe muvi, atafute taarifa ya habari, mama amwone msomaji mpaka vishikizo vya koti. Aliporidhika tukarudi baharini. Katuni ilikuwa dakika 83, hii ni dakika 135. Zimeongezwa 52, na kwa maoni yangu 40 kati ya hizo ni za kuogelea gizani.

Nguva mwenyewe, Ariel, ni Halle Bailey. Mnakumbuka kelele za mwaka 2022 kipande cha kwanza kilipotolewa, watu wazima wanagombana mtandaoni eti nguva hawezi kuwa mweusi. Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza wanangu habari hiyo. Hakuna aliyeniuliza. Mama alimtazama yule binti kwa makini, akaona rasta zake nyekundu zinavyoelea, akasema, "Zile akitoka majini zinakauka saa ngapi?" Binti yangu, ambaye kichwa chake ni kipara cha shule, akajibu bila kugeuka kwamba yeye akimaliza darasa la saba anasuka hizohizo, na asiulizwe zinakauka saa ngapi.

Tafsiri ikawa inakwenda hivi:

"Bibi, huyu anataka kwenda juu kwa binadamu."

"Akafanye nini?"

"Akaangalie."

"Kuangalia tu?"

"Amechoka kukaa ndani, Bibi."

Mama, mwali wa wiki tatu, akaitika, "Hapo namwelewa."

Nyimbo hakuzitafsiri. Alisema nyimbo hazitafsiriki, akaziimba kwa Kiingereza zote, nusu ya maneno ya kubuni.

Halafu tukafika pale mfalme, baba yake Ariel, anapogundua binti amemwokoa binadamu asizame. Anamfuata kwenye pango lake la siri, alikohifadhi vitu vyote alivyookota kwenye meli zilizozama, na anavivunja. Mle ndani Javier Bardem ananguruma kwa Kiingereza kizito. Na sebuleni kwangu, binti yangu akasimama, akaweka mkono kiunoni, akatafsiri:

"Nimekwambia mara ngapi? Hivi mimi nikiongea naongea na ukuta? Kwanza hivyo vidude vyako vyote nitavichoma moto!"

Ilikuwa sauti yangu. Siyo maneno tu; ule mkono, kile kichwa kilichoinamishwa pembeni, mpaka ile pumzi ninayovuta kabla ya "kwanza". Mfalme wa bahari saba alikuwa anaongea kama mimi ninavyoongea Jumatatu asubuhi daftari halionekani. Baba watoto akainua macho akaanza kuhesabu zile mbao 17. Mama alicheka mpaka nikaogopa jicho litafumuka.

"Chini ya bahari atachoma moto vipi?" akauliza kitinda mimba.

Hakuna aliyemjibu. Nikaenda kugeuza wali.

Niliporudi walikuwa wamefika kwa Ursula, yule mchawi, nusu mtu nusu pweza, na hapa mama alikuwa kwake kabisa. Mama amechokoa pweza miaka yote ya ujana wake, bamvua ikitoa maji anatembea mwambani na kijiti chake, akimpata anampiga kwenye jiwe mpaka alainike. Alimtazama Melissa McCarthy na mikia yake yote kama mtu anayetazama kitoweo kilichozoea vibaya. Alipoelezwa makubaliano, kwamba msichana anatoa sauti yake anapewa miguu siku 3, akauliza, "Na mashahidi?"

"Wapo, Bibi. Mikunga wawili."

"Mikunga ya nani?"

"Ya yule pweza."

"Basi hana mashahidi."

Na hapa ndipo kazi ya mtafsiri ilipokuwa ngumu, maana sharti lenyewe ni kwamba ndani ya siku hizo 3 msichana apigwe busu la mapenzi ya kweli. Chumba kina bibi, kina baba, kina mkwe. Binti akatafakari kama nukta mbili akasema, "Anatakiwa wasalimiane na yule kijana kabla jua la siku ya tatu halijazama."

"Kusalimiana tu?" Mama akashangaa. "Si amsalimie sasa hivi, yuko naye hapo?"

"Hana sauti, Bibi."

"Aa! Kweli." Mama akapiga paja. "Kakamatwa vibaya huyo."

Nawaapia, hadithi ikawa nzuri zaidi ya ile iliyoandikwa. Msichana aliyeuza sauti halafu akaambiwa kitakachomwokoa ni salamu. Mama aliteseka naye kwelikweli. Kila kijana alipomsogelea mama alikuwa anamnong'oneza, "Mpungie mkono basi, mpungie mkono." Mpaka ile sehemu ya mtumbwi, usiku, vimulimuli, wale wawili wanasogeleana polepole na nyuso zinakaribiana. Baba watoto akakumbuka kwamba hajafunga geti. Mimi nikainama kutafuta kiatu. Mtumbwi ukapinduka kabla hawajafikiana, na katika ukimya uliofuata mama akasema taratibu:

"Salamu hiyo nimeiona. Jicho hili lililipiwa."

Mengine nayapitisha. Mama wa yule mwanamfalme ni malkia mweusi, Noma Dumezweni, mwigizaji wa asili ya Afrika Kusini aliyezaliwa Eswatini, na mwanaye ni mzungu. Nilisubiri maswali. Binti akasema, "Aliokotwa baharini, Bibi, meli yao ilizama," na mama akasema, "Kamlea vizuri, ila anamdekeza." Kwenye vita vya mwisho ni msichana mwenyewe anayeshika usukani wa meli na kumchoma pweza nayo, kwenye katuni ilikuwa kazi ya kijana. Kitinda mimba hakuona, alikuwa ameshalala mdomo wazi.

Ila mwisho wake nataka kuusema. Wameoana, wanaondoka kwa mashua kwenda kutembea dunia, na ndugu zake wa majini wanaibuka kuwaaga. Baba yake anakuja ufukweni. Anamwambia maneno ambayo nayasema kwa Kiswahili changu mimi: kwamba haikupaswa mpaka upoteze sauti yako ndiyo usikilizwe. Nikayasikia. Nikamwangalia mtafsiri wetu, aliyekuwa hajanyamaza tangu saa mbili usiku. Alikuwa anachezea betri ya rimoti.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anamwambia safari njema, Bibi."

"Hayo maneno yote ni safari njema?"

"Ndiyo."

Sikumsahihisha. Nilikwenda kupakua wali, ulikuwa umeungua kidogo chini, wakagombania ukoko.

Usiku, watoto wamelala, namtonesha dawa, mama akaniuliza kama hiyo hadithi tangu zamani ilikuwa hivyo. Nikamwambia hapana. Aliyeiandika ni Mdenmaki, Hans Christian Andersen, mwaka 1837, na niliisoma nikiwa sekondari ikaninyima usingizi. Mle msichana anakatwa ulimi. Kila hatua anayopiga kwa miguu yake mipya ni kama anakanyaga visu. Mwanamfalme anampenda kama unavyopenda mtoto wa jirani, anaoa mwingine. Dada zake wanamuuzia mchawi nywele zao wapate kisu cha kumpa, amchome mwanamfalme arudi kuwa nguva. Anashindwa, anakitupa baharini, naye anageuka povu. Kisha anachukuliwa na mabinti wa hewa, anaambiwa atende mema miaka 300 apate roho.

Mama alikuwa amelala chali, jicho limefumbwa, dawa inamtambaa. "Hiyo ndiyo hadithi," akasema. "Ya leo ilikuwa harusi."

Kesho yake jioni ikawa zamu yake. Binti alidai hadithi ya Bibi mwenyewe, isiyo na giza. Mama akajikohoza. Paukwa! Pakawa! Nikaacha vyombo nikaja kukaa, maana nilijua anakwenda wapi, kwa yule paa.

Maskini anachakura jaani akitafuta punje za mtama, siku moja anaokota thumuni, anamnunua paa. Watu wanamcheka. Paa huyo anasema kama mtu, anaaga, anakwenda kwa sultani wa mji wa mbali kumposea bwana wake binti, akimtaja maskini yule kwa jina la Sultani Darai. Anamvisha, anamwoza, anakwenda kumwua nyoka wa vichwa saba ili bwana wake apate nyumba. Kisha paa anaugua, na yule bwana, aliyekuwa hana hata uji, anaamuru mgonjwa apewe uji wa mtama wa hovyo, na hata kumtazama haendi. Paa anakufa. Bwana anasema, mtupeni kisimani.

Utotoni kwangu hadithi ilikuwa inaishia hapo. Paa kisimani, bwana anaota yuko jaani, anaamka yuko jaani kweli, hadithi yangu imeishia hapo, lala. Nilikuwa napanda kitandani na yule paa ndani ya maji. Nilikuwa naogopa kuteka maji peke yangu kwa ajili yake.

Lakini Jumapili hii mama hakuishia kisimani. Akasema mke wa yule bwana alimwandikia baba yake barua, baba akaja na watu wake, mbio, akaingia kisimani mwenyewe na nguo zake za kisultani, akamtoa paa, wakamlilia, wakamvisha sanda nyeupe. Ndipo yule bwana akaamka jaani. Binti yangu akashusha pumzi, akaenda kulala.

Na mimi nikajisemea, umeona? Anasema ya jana ilikuwa harusi, na yeye mwenyewe anamlainishia mjukuu. Nilimwonea na wivu kidogo.

Jumatatu, kwenye daladala, foleni haisogei, nikaitafuta ile hadithi kwenye simu. Ipo. Edward Steere aliiandika kutoka midomoni mwa watu wa Zanzibar, ikachapwa London mwaka 1870. Nikasoma mpaka kisimani, nikaendelea. Barua ipo. Sultani yupo. Anaingia kisimani na watu wake, wanamtoa paa, wanamlilia. Imeandikwa hivyo miaka zaidi ya 150. Sanda tu ndiyo sikuiona, hiyo ni nakshi ya mama. Mjukuu hakuongezewa kitu. Ni mimi niliyekatiwa.

Jioni nilimlaza chali, nikamfungua jicho kwa vidole viwili.

"Mama. Mbona mimi hukunitolea paa kisimani?"

Alifikiri. Lile jicho jipya lilikuwa linanitazama wima, jeusi, safi.

"Wewe ulikuwa hulali mpaka hadithi iishe," akasema. "Na mimi alfajiri maji yanatoka, nina pweza."

Tone likaangukia shavuni.

"Umekosea," akasema. "Weka lingine."